Dawa Iliyotoka Udongoni

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kusimama shambani wakati mvua ya kwanza inapoanguka juu ya ardhi iliyokauka kwa miezi mingi. Hapo huisikia ile harufu tamu ipandayo kutoka udongoni. Wakulima huifurahia sana, maana yawaambia kwamba kiangazi kimekwisha na majembe yatafutwe. Lakini ukiwauliza watu mia harufu ile yatoka wapi, wengi watakujibu kwamba ni harufu ya mvua, au ni harufu ya udongo wenyewe. Sivyo. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutengenezwa na viumbe hai walio wadogo mno, wasioonekana ila kwa darubini ya kukuzia vitu. Mwaka wa 1965 wataalamu wawili huko Marekani, Nancy Gerber na Hubert Lechevalier, waliieleza kemikali iletayo harufu hiyo, nayo ikaitwa geosmini, yaani harufu ya ardhi kwa lugha ya Kiyunani.

Viumbe hao ni bakteria wa jamaa iitwayo Streptomyces. Wao ndio waliompa mwanadamu dawa nyingi kati ya zile ziuazo vijidudu vya maradhi, zinazoitwa antibiotiki. Katika insha hii nataka tulitazame jambo moja katika maisha yao. Bakteria hawa kwanza hula na kukua, wala hawana shughuli nyingine. Kisha saa fulani ikifika hupunguza kukua, na ndipo waanzapo kutengeneza sumu ambazo sisi tumezigeuza kuwa dawa. Ni nani awaambiaye kwamba saa imefika? Swali hili laonekana dogo, lakini watu wa mataifa mengi wamelitafutia jawabu kwa zaidi ya nusu karne, na jawabu lenyewe lagusa uhai wa mamilioni ya wagonjwa.

Yafaa tuanze na adui. Tarehe 24 Machi 1882, katika mji wa Berlin, daktari Mjerumani Robert Koch aliwatangazia wenzake kwamba amemwona kijidudu aletaye kifua kikuu. Ilikuwa habari kubwa, kwa sababu ugonjwa huo ulikuwa ukiua matajiri na maskini, wazee na vijana. Walakini kumjua adui si kumshinda. Kwa muda wa miaka sitini tangu siku ile, madaktari hawakuwa na dawa ya kumwua kijidudu huyo ndani ya mwili. Waliwashauri wagonjwa kupumzika, kula vizuri na kuvuta hewa safi ya milimani. Wengine walipasuliwa ili pafu lililougua lipumzishwe. Wachache walipona, na wengi walikufa. Hata penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka wa 1928, haikuwa na nguvu juu ya kifua kikuu.

Basi dawa ilitoka wapi? Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu aliyeinama alikuwa Selman Waksman. Alizaliwa mwaka wa 1888 katika kijiji cha Ukraine, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, akahamia Marekani mwaka wa 1910. Katika chuo cha Rutgers, jimbo la New Jersey, alijifunza elimu ya udongo, na kwa miaka mingi aliwachunguza vijidudu waishio humo. Watu wa namna yake walifikiri hivi: tangu kale wanyama na watu wafao kwa maradhi huzikwa ardhini, na samadi humwagwa mashambani mwaka hata mwaka, lakini udongo haukujaa vijidudu vya maradhi. Lazima humo mna kitu kinachowaua.

Mwaka wa 1939 René Dubos, aliyekuwa mwanafunzi wa Waksman hapo awali, alithibitisha kwamba wazo hilo ni la kweli. Alitoa katika bakteria mmoja wa udongo kemikali iliyoua vijidudu vingine. Ila haikuwezekana kuichoma sindano ndani ya damu, kwa sababu ilikuwa na sumu kali. Waksman akawapa wanafunzi wake kazi ya kutafuta nyingine. Mwaka wa 1940 walipata moja, na mwaka wa 1942 wakapata ya pili, lakini zote mbili ziliwadhuru wanyama waliojaribiwa. Kazi ikaendelea, sahani kwa sahani, udongo kwa udongo.

Mwaka wa 1943 alirudi hapo chuoni kijana mmoja aitwaye Albert Schatz, mwenye umri wa miaka 23. Alikuwa ametoka jeshini, ambako alitumika katika hospitali na kuwaona askari wakifa kwa magonjwa yasiyosikia penisilini. Alilipwa dola 40 kwa mwezi. Kwa kuwa alitaka kumchunguza kijidudu wa kifua kikuu, ambaye ni hatari kwa kila amwendeaye, alipewa chumba cha chini ya jengo, mbali na wenzake. Humo alifanya kazi mchana na usiku. Tarehe 19 Oktoba 1943 alitambua kwamba amepata alichokitafuta. Alikuwa na bakteria wawili wa aina moja, Streptomyces griseus. Mmoja alitoka katika udongo wa shamba lililotiwa samadi nyingi, na wa pili alitoka katika koo la kuku. Wote wawili walitoa kemikali iliyowazuia vijidudu ambao penisilini haikuwaweza. Alitia baadhi yao katika kichupa, akakiziba kwa moto, akampelekea mama yake kama zawadi.

Januari 1944 habari hiyo ilichapishwa kwa majina ya watu watatu: Albert Schatz, Elizabeth Bugie na Selman Waksman. Dawa iliitwa streptomisini. Katika mwaka huo huo madaktari William Feldman na Corwin Hinshaw wa Mayo Clinic, jimbo la Minnesota, waliijaribu kwa wanyama wadogo walioambukizwa kifua kikuu, na wanyama wakapona. Kisha wakaanza kuwapa watu.

Huko Uingereza, baada ya vita, dawa ilikuwa adimu, wala haikuwatosha wagonjwa wote. Baraza la Utafiti wa Tiba likaona kwamba, maadamu haiwezekani kumpa kila mtu, afadhali igawanywe kwa kura, na matokeo ya pande mbili yalinganishwe. Wagonjwa 55 walipewa streptomisini, na 52 wakapewa mapumziko kitandani kama ilivyokuwa desturi. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1948. Baada ya miezi sita, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4, na katika wale 52 walikuwa wamekufa 14. Ndipo ulimwengu ulipojua kwa hakika kwamba kifua kikuu chaweza kupigwa. Lakini furaha ile ilikuwa na doa. Katika miili ya wagonjwa wengi vijidudu viliizoea dawa, na baada ya miaka mitano tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa imepungua sana. Madaktari wakajifunza kwamba streptomisini haifai kutumwa peke yake vitani. Walipoiunganisha na dawa nyingine, hasa isoniazidi iliyoanza kutumika mwaka wa 1952, ndipo wagonjwa walipopona na kubaki wazima.

Historia hii ilifika na kwetu. Mwaka wa 1972 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika ya Mashariki na Zambia, kwa ushirikiano na lile Baraza la Uingereza. Kabla ya hapo mgonjwa alilazimika kutumia dawa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi walichoka njiani. Majaribio yale yalionyesha kwamba streptomisini na isoniazidi, zikiongezewa rifampisini, zaweza kumponya mtu kwa miezi sita. Na rifampisini nayo, usisahau, asili yake ni bakteria aliyepatikana katika udongo wa pwani ya kusini ya Ufaransa.

Kabla ya kuendelea, haki yataka tuseme neno juu ya sifa na fedha. Schatz na Waksman walikuwa wameikabidhi hataza ya dawa kwa shirika la chuo chao. Baadaye Schatz aligundua kwamba mwalimu wake alikuwa akipokea sehemu ya mapato, ilhali yeye hapati. Mwaka wa 1950 alimshitaki mbele ya mahakama. Mwaka ule haujaisha, wakapatana: Schatz alitambuliwa kisheria kuwa mgunduzi pamoja na Waksman, akapewa asilimia 3 ya mapato, na Waksman akabaki na asilimia 10. Hata hivyo Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1952 alipewa Waksman pekee. Chuo cha Rutgers kilimpa Schatz nishani yake mwaka wa 1994, naye alikuwa mzee. Tusiseme kwamba mwalimu hakufanya kitu, kwa kuwa njia yote ya kutafuta ilikuwa yake, lakini jasho la chumba cha chini lilikuwa la kijana.

Sasa turudi kwa bakteria wenyewe. Viwanda vilipoanza kuitengeneza streptomisini, viliwafuga bakteria hawa katika mapipa makubwa ya chuma, vikawalisha sukari na unga wa soya. Watu wa viwandani wakaona jambo la ajabu. Katika siku za kwanza, chakula kikiwa tele, bakteria waliongezeka upesi, lakini dawa ilikuwa kidogo au haikuwapo kabisa. Chakula kilipoanza kupungua na ukuaji kulegea, ndipo dawa ilipojaa katika pipa. Waliotia chumvi ya fosfati kwa wingi, wakidhani wanawatendea bakteria wao hisani, walivuna dawa haba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na bakteria aliyeshiba haijui kazi ya kutengeneza dawa.

Ili uelewe sababu, yakupasa uyajue maisha yake. Bakteria wengi ni chembe moja moja, lakini Streptomyces huota kama mmea. Mbegu yake ndogo, iitwayo spora, hutoa uzi, na uzi hugawanyika matawi ndani ya udongo, ukila mabaki ya majani na wadudu waliokufa. Bakteria huyu hana miguu wala mkia wa kuogelea. Chakula kikiisha mahali pake, hawezi kuhama. Njia yake ni moja: kuinua nyuzi nyingine hewani, na kuzikatakata nyuzi hizo ziwe spora zitakazochukuliwa na maji, upepo na wadudu mpaka mahali pengine. Lakini nyuzi za hewani zitakula nini, na chakula kimekwisha? Zitakula mwili wa mzazi wao. Nyuzi za chini hufa na kuyeyuka, na utajiri uliokuwa ndani yake hupanda juu kuwalisha watoto.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mwili unaoyeyuka humwaga chakula udongoni, na majirani wenye njaa huja mbio. Wataalamu wengi huona kwamba hii ndiyo sababu ya sumu kutolewa saa ile na si saa nyingine. Wewe uliyelelewa shambani utaelewa. Mtama unapokuwa mchanga hakuna aulindaye, lakini ukianza kuiva ndege huja makundi kwa makundi, na ndipo mlinzi apandapo dunguni na kombeo lake. Dawa yetu ni kombeo la bakteria.

Je, bakteria asiye na ubongo ajuaje kwamba wakati umewadia? Hujua kwa ishara kadha, na kila ishara ilitafutwa kwa taabu. Ya kwanza ni njaa yenyewe. Ndani ya kila chembe mna vyombo vidogo vinavyounda protini, viitwavyo ribosomu. Malighafi ya protini ikikosekana, chombo husimama bure kikisubiri, na hapo chembe hutengeneza kemikali ndogo iitwayo ppGpp, ambayo ni kama baragumu ya njaa. Kemikali hii iligunduliwa mwaka wa 1969 katika bakteria wa namna nyingine. Ikilia, kazi za kukua hupunguzwa, na katika Streptomyces mara nyingi milango ya kutengeneza dawa hulegezwa.

Ishara ya pili ni mjumbe. Mwaka wa 1967 A. S. Khokhlov na wenzake, katika Umoja wa Kisovyeti wa wakati huo, walikuwa na bakteria wa Streptomyces griseus walioharibika, wasioweza kutoa streptomisini wala spora. Walipowatilia kemikali kidogo sana iliyotoka kwa bakteria wazima, uwezo wote miwili ukarudi. Waliiita A-fakta. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Teruhiko Beppu na Sueharu Horinouchi waliufuata mwendo wa mjumbe huyo hatua kwa hatua. Fikiri nyumba iliyofungwa na bawabu ameketi mlangoni. Bawabu huyo ni protini iitwayo ArpA, naye hukaa juu ya jeni moja na kuizuia isisomwe. Bakteria wanapokua na kusongamana, A-fakta huongezeka. Ikizidi kiasi fulani humshika bawabu, naye huondoka mlangoni. Jeni ile ikifunguka hutoa protini ya pili, AdpA, ambayo huamsha jeni nyingi, na mojawapo hutoa protini ya tatu, StrR. Hiyo ya tatu ndiyo itoayo amri kwa jeni za streptomisini. Nayo amri haisahau usalama wa nyumba: pamoja na StrR hutengenezwa kimeng'enya kinachoinyang'anya streptomisini nguvu yake ndani ya chembe, ili mwenye sumu asife kwa sumu yake.

Ishara ya tatu ilielezwa mwaka wa 2008 na Sébastien Rigali, Gilles van Wezel na wenzao wa Ulaya. Ukuta wa bakteria una sukari moja ya namna ya peke yake, na nyuzi za zamani zikiyeyuka sukari hiyo humwagika. Chembe zikiionja katika hali ya ufukara huelewa kwamba jengo linabomolewa, nazo huanza kutengeneza dawa. Lakini sukari ile ile, ikionjwa wakati wa neema, huwaambia waendelee kukua. Basi neno moja lina maana mbili, na maana hutegemea hali ya msikilizaji.

Katika Uingereza, David Hopwood alianza mwaka wa 1954 kuzichunguza jeni za ndugu mwingine wa jamaa hii, Streptomyces coelicolor, atoaye rangi ya samawati anapoanza kutengeneza antibiotiki. Katika mji wa Norwich, yeye, Keith Chater na wenzao waliwakusanya bakteria walioharibika, wenye upara, yaani wasioota nyuzi za hewani. Wengi wa hao hawakutoa antibiotiki pia. Kumbe mambo hayo mawili, kuzaa spora na kutoa sumu, hufungwa kwa kamba moja. Mwaka wa 2002 jenomu nzima ya bakteria huyu ilichapishwa: herufi zaidi ya milioni 8.6 na jeni 7,825. Wasomaji wake walishangaa, kwa kuwa humo walikuta zaidi ya makundi 20 ya jeni za kutengeneza kemikali za pekee, na nyingi kati ya kemikali hizo hazikuwa zimeonekana kamwe maabarani. Jeni zimo, lakini zimelala. Ishara ya kuziamsha haijapigwa.

Sasa unaona, msomaji, kwa nini swali letu si dogo. Streptomisini siku hizi si dawa ya kwanza ya kifua kikuu, maana huchomwa kwa sindano na yaweza kuharibu masikio. Kadhalika vijidudu vimezidi kuzizoea dawa tulizo nazo, hasa kwa sababu watu huzitumia ovyo, au huziacha nusu mara wanapopata nafuu. Anayeacha dawa katikati humfundisha adui namna ya kuishi. Kwa hiyo dawa mpya zatakiwa, na baadhi yake huenda zimelala katika jeni za bakteria tunaowakanyaga kila siku, zikingoja mtu ajuaye lugha ya njaa na ya wajumbe wao. Schatz alikuwa na miaka 23. Nawe hujaizidi sana miaka hiyo, kama umeifikia.

Nimeanza kwa harufu ya mvua, na kwa hiyo nitamaliza. Mwaka wa 2020 ilionyeshwa kwamba Streptomyces huzitumia jeni za harufu hasa wakati ule ule wa kutengeneza spora, na kwamba harufu hiyo huwaita wadudu wadogo warukao waishio udongoni, nao huja wakala, wakazichukua spora kwenda mbali. Kwa hiyo siku utakapoisikia tena, mvua ya kwanza inapoanguka, kumbuka kwamba inakupa habari zaidi ya ile wanayoijua wakulima. Inakuambia kwamba chini ya miguu yako, wakati wa kiangazi, viumbe wengi wamekwisha kuiona njaa, wamekwisha kuacha kukua, na wamewalinda watoto wao kwa silaha ambayo sisi huiita dawa.